Pumu yangu, sigara, na mlima wa bandarini Wete

Wiki mbili zilizopita nilimkuta mwanagenzi wangu nyuma ya karakana, kachuchumaa juu ya maranda, sigara kaificha kiganjani. Kijana wa miaka 19, na kifua chake nakijua: akipiga msasa nusu saa tu utamsikia anavyopiga filimbi. Aliponiona aliizima upesi, akasimama. Nikamgombeza kwa maneno makali, nikaenda zangu.

Usiku ule usingizi haukunijia. Mimi nilivuta miaka 24 nikiwa na pumu hiyo hiyo. Katika miaka yote hiyo walionigombeza hawahesabiki. Aliyekaa nami akanionyesha la kufanya alikuwa mtu mmoja. Nikaona nimemfanyia kijana yale yale niliyofanyiwa. Basi haya nayaandika kwa ajili yake, na kwa yeyote mwenye pumu anayetaka kuiacha sigara na kuutia mwili mazoezi, asipite nilikopita mimi.

Nimezaliwa Wete, Pemba, mwaka 1981. Pumu ilinianza kabla sijaingia skuli. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akinilaza kwa mito mitatu, ananichua kifua kwa mafuta ya karafuu, na sharti lake lilikuwa moja: mwenye pumu hakimbii. Wenzangu wakicheza mpira, mimi mlinzi wa viatu vyao. Mwalimu naye aliambiwa, akawa ananiweka kivulini. Simlaumu bibi hata kidogo. Alikwisha kunipakata usiku mara mbili nikiwa midomo imebadilika rangi, na aliyeyaona hayo ana haki ya kuogopa. Lakini nilikua nikiamini kwamba kifua changu ni chombo cha udongo, kazi yangu ni kukilinda kisitikiswe. Imani hiyo niliibeba hadi nikaingia miaka 40.

Sigara niliianza msimu wa karafuu wa 1998. Anayeujua msimu anajua: mchana ni kuchuma, usiku watu hukaa kwenye majamvi wakachambua, kutoa makonyo, hadi saa tano au saa sita. Wanaume walikuwa wakivuta ili usingizi usiwachukue. Ami yangu mmoja alinipa kipisi chake nikimalizie. Nilikohoa hadi machozi yakanitoka, wakacheka, kisha mmoja akanisogezea nafasi pale pale jamvini, karibu yake. Nakumbuka ile nafasi kuliko ladha ya moshi. Kwa mara ya kwanza nilikuwa mwanamume kati ya wanaume, si mtoto wa kivulini.

Kosa langu la kwanza la akili, nalo lilinikaa miaka mingi, ni kudhani sigara inanisaidia kifua. Asubuhi nikivuta ya kwanza nilikuwa nakohoa, makohozi yanatoka, nasema alhamdulillahi, kifua kimefunguka. Baadaye sana ndipo nilipoelezwa. Ndani ya njia za hewa mna vinyweleo vidogo mno vinavyosukuma makohozi juu, kama mtu anayefagia uwanja. Moshi huvilemaza. Usiku ukilala hukuvuta, huamka kidogo, na asubuhi vikianza kufagia unakohoa. Kile nilichokiita msaada wa sigara ilikuwa ni kazi ya mwili wangu baada ya kupumzishwa sigara saa sita tu.

Nikajifunza useremala, nikaoa, nikapata watoto. Kufikia 2020 nilikuwa navuta sigara 15 kwa siku, nanunua moja moja dukani kwa shilingi 200. Ukinunua moja moja huoni pesa inavyokwenda. Mke wangu ndiye aliyepiga hesabu kwenye daftari la mtoto: 3,000 kwa siku, 90,000 kwa mwezi, zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Na mimi ndiye niliyekuwa nikisema pesa ya bati hakuna.

Pumu nayo nilikuwa nikiitibu kwa pampu ya buluu, yaani salbutamoli. Miaka kadhaa nilikuwa naichukua kwenye kituo kimoja, naandikiwa, napewa, naondoka. Hakuna hata siku moja aliyeniambia: hebu tuone unavyoitumia. Nilikuwa naibonyeza mara nane, mara kumi kwa siku, na nikijisifu kwamba dawa yangu naijua.

Kuacha nilijaribu mara nne. Ya kwanza ilikuwa 2012, alipozaliwa binti yangu mkubwa. Ilidumu siku tisa. Ya pili 2019, baada ya kikohozi kirefu, wiki tatu. Hizo sina la kusema juu yake ila kwamba zote mbili niliacha kimya kimya, sikumwambia mtu, kwa hiyo nilivyorudi pia hakuna aliyejua.

Ya tatu ndiyo iliyonitia adabu. Ilikuwa baada ya Ramadhani ya 2021. Mwezi mzima nilikuwa nafunga mchana bila shida, na usiku, tende ya kwanza haijamezwa vizuri, nishawasha. Siku ya Idi niliapa mbele ya watu: sigara basi, na naanza mazoezi. Vyote pamoja, siku moja, kama mtu anayehamia nyumba mpya. Nikanunua raba.

Siku ya nne, baada ya swala ya alfajiri, nikateremka mbio hadi bandarini. Mji wa Wete umekaa mlimani na barabara yake inashuka hadi pwani, kwa hiyo kushuka kulikuwa kutamu, upepo unanipiga, najiona kijana. Kupanda ndiko kulikoniumbua. Nusu ya mlima kifua kikaanza kubana, nikajilazimisha. Nikafika kwenye nguzo ya umeme, nikaikumbatia. Hewa nilikuwa naivuta inaingia, kuitoa siwezi. Nikapapasa mfukoni, pampu sina. Niliiacha nyumbani makusudi, kwa sababu nilijiambia mtu wa mazoezi hatembei na dawa.

Wavuvi wawili waliokuwa wakipandisha samaki ndio walionikuta. Walinipakia kwenye pikipiki katikati yao, mmoja kanishika mgongoni. Hospitali nikawekewa hewa na mashine ya dawa ya mvuke, nikachomwa sindano, nikalala usiku mmoja. Mke wangu alikaa kwenye kiti hadi asubuhi, mtandio mdomoni.

Walipokuja kunitazama jamaa, kila mmoja alikuwa na neno lake, na karibu wote walisema jambo moja: umeiacha ghafla, mwili umeshtuka, ungepunguza kidogo kidogo. Mwingine akasema: ulishaambiwa tangu mdogo, wewe si wa kukimbia. Maneno yale yaliniingia kwa sababu yalilingana na yale ya bibi. Baada ya wiki moja nikarudi kwenye sigara, na raba nikampa mtoto wa ndugu yangu.

Sasa najua kwamba si kuacha sigara kulikonibwaga pale mlimani. Kilichonibwaga ni pumu ambayo haikuwa imetibiwa kabisa, na mimi nikaipandisha mlima baada ya miaka 30 ya kukaa. Laiti ningelijua hilo siku ile, ningekuwa nimeokoa karibu mwaka mzima.

Mtu aliyenionyesha njia nilimkuta Februari 2022. Daktari mwanamke, bado kijana. Nilikwenda kuchukua pampu yangu kama kawaida. Badala ya kuandika, aliniuliza, "Baba, kopo moja la hii linakuchukua muda gani?" Nikamwambia kama wiki tatu. Akaniambia kopo lina dawa ya kubonyeza mara 200, na kwamba mtu ambaye pumu yake imetulia hahitaji ile ya buluu zaidi ya mara mbili kwa wiki. Halafu akasema, "Hebu nionyeshe unavyoitumia."

Nikaitoa, nikaibonyeza mdomoni kama ninavyojua. Moshi mweupe ukanitoka puani na pembeni mwa midomo. Akasema taratibu, "Umeona? Hiyo ndiyo dawa yako. Nusu imekwenda hewani, na iliyobaki imeishia kwenye ulimi." Nilitahayari. Miaka yote nilikuwa natibu ulimi.

Akanifundisha kutumia chupa. Hili nitalieleza kwa kirefu kwa sababu mimi ni seremala na nimeshawatengenezea watu wengi mtaani. Chukua chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita, ngumu kidogo, isiwe ile inayobonyea. Ioshe kwa maji ya sabuni, uiache ijikaushe yenyewe, usiifute kwa kitambaa, maana plastiki ikisuguliwa inashika dawa kwenye kuta zake. Kwenye kitako chake chora umbo la mdomo wa pampu kwa kalamu. Pasha waya wa chuma motoni, pitisha juu ya mchoro, upasue tundu. Tundu liwe dogo kuliko unavyodhani, pampu iingie kwa kusukumizwa. Likizidi, hewa inapenya. Zungushia utepe wa gundi. Iache ipigwe na hewa mpaka harufu ya plastiki iliyoungua iishe.

Kisha unaitikisa pampu, unaitia kwenye tundu, unatoa pumzi yote nje, unaweka mdomo wa chupa midomoni, unabonyeza mara moja tu, na unavuta pole pole, ndefu, mpaka mwisho. Unazuia pumzi unahesabu hadi kumi. Ukihitaji ya pili unasubiri kidogo, unatikisa tena. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilihisi kitu ambacho sikuwahi kukihisi kwa pampu: kilifika chini. Nikamtazama daktari, akacheka.

Akaniongezea pampu nyingine, ya kahawia, beklometasoni. Akanieleza kwamba ya buluu inafungua njia kwa saa chache, lakini ndani mle kuna uvimbe, na uvimbe haushughuliki na ya buluu. Ya kahawia ndiyo inayoutuliza, ila inataka kila siku, ukiwa mzima au ukiwa mgonjwa, na matokeo yake huyaoni siku ya kwanza. Akaniambia miongozo ya kimataifa ya pumu tangu 2019 inasema mtu mzima asitegemee ya buluu peke yake. Mimi nilikuwa nimeitegemea tangu ujana. Rangi zenyewe msizitegemee sana, viwanda vinatofautiana. Someni jina la dawa. Na ukishaivuta ya kahawia sukutua mdomo uteme, la sivyo utapata utando mweupe ulimini, mimi ulinipata.

Nilimuuliza kuhusu sigara nikitarajia kugombezwa. Alisema neno moja ambalo lilinigeuza kuliko hotuba zote: "Moshi unaifanya hii ya kahawia isifanye kazi vizuri. Utainunua, utaivuta, na sigara itaifuta." Pesa yangu mwenyewe, nainunulia dawa kwa mkono mmoja na kuifuta kwa mwingine. Kisha akanipangia: kwanza dawa, wiki nne, kifua kitulie. Ndipo uache sigara. Mazoezi yafuate, tena ya kutembea. Nilitaka kubisha, nikaukumbuka mlima.

Kopo la kahawia nilibonyeza mara mbili asubuhi na mara mbili jioni, kwa hiyo mara 200 zinakwisha kwa siku 50. Tarehe niliyolianza niliiandika kwa kalamu ya wino juu ya kopo. Wengi tunalitia kwenye maji tuone kama linaelea, ati tujue kama dawa imekwisha. Daktari aliniambia jaribio hilo halina ukweli, kopo linaweza kuelea au kuzama na lisikuambie kitu. Hesabu siku. Bei yake dukani ilikuwa kama pesa ya sigara zangu za siku sita. Siku sita za sigara kwa siku 50 za pumzi. Kuna siku dawa hospitali inakosekana, na hapo ndipo daftari la mke wangu lilipofaa: tuliweka kopo la bati, kila siku ile 3,000 ikaingia mle.

Kwa wiki nne ya buluu ilishuka kutoka mara nane kwa siku hadi mara moja, na bado nilikuwa navuta sigara, ingawa nimepunguza. Hapo nikapata imani.

Siku niliyoichagua ni usiku wa kuandama mwezi wa Ramadhani wa 2022, mwanzoni mwa Aprili. Nilishajua kwamba mchana wa Ramadhani si tatizo langu. Adui alikuwa ile dakika ya baada ya tende. Kwa hiyo nilibadilisha dakika ile: tende tatu, maji, naondoka kwenda kuswali Magharibi msikitini, safu ya mbele, hata nikitaka kutoka nisipate njia. Futari kamili nakula baada ya kurudi, na watoto, ukumbini. Dawa ya kahawia ilikaa vizuri na mwezi: daku na baada ya futari. Kuhusu kubanwa mchana nilimuuliza imamu wetu mapema, nisije kubahatisha nikiwa sipumui. Mgonjwa ana ruhusa ndani ya Kurani yenyewe ya kula na kulipa siku nyingine. Nilifungua mara mbili, nikalipa baada ya Idi.

Mfuko wa shati uliokuwa ukikaa pakiti niliujaza karafuu kavu. Hamu ikija naitia moja mdomoni, naing'ata, ulimi unakufa ganzi, na ile hamu, nimeipima kwa saa, haizidi dakika nne au tano. Inapanda, inafika juu, inashuka. Hili ningependa kila mtu alijue. Nilipokuwa sijui, nilidhani itapanda tu mpaka nife au nivute.

Arosto ya siku tatu za mwanzo ni kali, sitaki kumdanganya mtu. Kichwa, mikono haina utulivu, usingizi wa vipande. Hasira ndiyo mbaya zaidi. Siku ya tatu nilimkaripia mke wangu kwa sababu ya uji kuwa na pilipili manga nyingi, nikaliacha bakuli. Alinyamaza mpaka watoto walipotoka, akaniuliza, "Mume wangu, huu ugomvi ni wako au ni wa sigara?" Nikalia. Mtu mzima, nikalia jikoni. Tangu hapo tulikuwa na neno letu. Nikipandisha sauti ananiambia "sigara hiyo", nami natoka uani mpaka ipoe.

Wiki ya pili na ya tatu kikohozi kiliongezeka. Jamaa wakaanza tena, umeona, sigara ilikuwa inakuzuia. Safari hii nilikuwa na jibu. Vile vinyweleo vimeamka na vina uchafu wa miaka 24 wa kufagia. Kwangu kikohozi kilikwisha kabisa baada ya miezi mitatu. Kwa wengine huchukua zaidi. Uzito uliongezeka kilo tano, maana boflo na chai ya maziwa vilikaa pahala pa sigara. Nilikubali. Kilo zinatoka.

Baraza ndiyo iliyonitesa kuliko arosto. Kahawa baada ya Isha bila sigara, huku wenzako wote wameshika. Siku 40 sikukaa baraza ile. Nilikwenda nyingine, ya wazee, ambako wengi hawavuti, nikajifunza bao. Rafiki zangu walinuna. Mmoja alinifuata hadi karakanani: "Yakhe, tumekukosea nini?" Nikamweleza ukweli, kwamba nikikaa nao nitavuta, na nikivuta nitakufa. Alikaa kimya, akasema basi nitakuja mimi kwako, bila sigara. Na akaja. Ningemwambia mapema, wala wasingenuna.

Mwezi wa nne tangu niache, niliteleza. Nilikuwa msibani, usiku, nimechoka, mtu akanipa nami nikapokea kabla akili haijafika. Nilivuta nusu. Nilipofika nyumbani nikamwambia mke wangu usiku ule ule, kesho yake nikaendelea na karafuu zangu. Zile mara tatu za nyuma nusu sigara kama hiyo ingekuwa mwisho wa safari, kwa sababu ningeificha. Na wapo watakaokwambia badala ya sigara tia ugoro, au tambuu yenye tumbaku, au shisha kidogo. Usiwasikilize. Ni tumbaku ile ile, na shisha ni moshi ule ule.

Mazoezi nilianza mwisho wa Juni, masika imekwisha, barabara zimekauka. Nilinunua raba nyingine. Utaratibu ni huu. Narudi msikitini, navuta ya buluu mara mbili kwa chupa kama robo saa kabla ya kutoka, kama nilivyoelekezwa. Natembea dakika kumi, polepole halafu haraka, mwili upate joto. Halafu nguzo za umeme: nguzo tatu natembea, moja nakimbia mchakamchaka. Ukikimbia uweze kuzungumza lakini usiweze kusoma kaswida; ukishindwa hata kuzungumza umezidisha. Baada ya wiki tatu zikawa mbili kwa moja, kisha moja kwa moja. Na wakati huu nilianza kwa njia ya tambarare, kuelekea nje ya mji. Mlima wa bandarini niliupa mgongo miezi mitano. Pampu ilikuwa mfukoni kila siku, na bado iko.

Hewa yetu ya Pemba, yenye unyevu na joto, ni rafiki wa mwenye pumu anayekimbia kuliko baridi kavu ya ughaibuni. Kinachotuharibia ni moshi tunaoufanya wenyewe. Asubuhi moja nilipita mahali wanachoma taka na makumbi, nikaona aibu kugeuka kwa sababu kulikuwa na watu, nikapita katikati. Sikubanwa nikikimbia. Nilibanwa nimeshafika, nimekaa kwenye ngazi ya nyumba, dakika tano hivi baada ya kusimama. Sikuwa najua kwamba mara nyingi kifua hubana baada ya kumaliza. Ndiyo maana siku hizi sisimami ghafla. Namalizia kwa kutembea dakika kumi, na sijifungii chumbani kuoga mara moja. Moshi nikiuona nageuka, aibu au si aibu. Nyumbani mke wangu chetezo cha udi amekihamishia uani, nami karakanani naranda mbao nje, mgongo kwenye upepo, barakoa usoni, na msasa wa mwisho naulowesha kwanza ili vumbi lisiruke.

Kuna kikundi cha mazoezi hapa mjini. Nilikiogopa muda mrefu nikidhani watanicheka. Wa kwanza kunipokea alikuwa mama mmoja wa makamo, naye ana pampu yake kwenye mkoba. Siku ya Januari 1, ambayo kwetu Zanzibar ni siku ya mazoezi ya kitaifa, nilitembea nao nikiwa nimevaa fulana ya kikundi, na njia nzima nilikuwa nawaza viatu nilivyovilinda skuli. Vijana wa mpira nawaambia: Paul Scholes ana pumu, Beckham ana pumu, na wote wawili walicheza kiungo cha Manchester United miaka na miaka. Paula Radcliffe wa Uingereza ana pumu, na 2003 alikimbia marathoni ya London kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 25. Laiti bibi angeliwajua.

Mlima wa bandarini niliupanda Novemba ya 2022, kwa kutembea. Kwenye ile nguzo nilisimama, nikaigusa, nikaendelea. Kukimbia hadi juu bila kusimama ilichukua mwaka mwingine.

Sijapona pumu, na sitaki mtu adhani nimepona. Masika ikija na koga ikipanda ukutani, hunibana. Kile kipimo cha kupuliza cha hospitali, kinachopima nguvu ya pumzi, nilikianza na 270, sasa napuliza 410, na daktari anasema bado kuna nafasi. Nikibanwa vibaya nakaa wima, silali, navuta ya buluu moja, nasubiri nusu dakika hadi dakika, nyingine, mpaka kumi. Isipotulia, au nikishindwa kumaliza sentensi, au mtu akiniona midomo inabadilika rangi, ni hospitali papo hapo, hata kama ni saa nane usiku na hata kama nimeshaanza kuona haya kuwasumbua watu. Mke wangu na watoto wote wanalijua hilo kwa moyo.

Jana nilimwita mwanagenzi wangu baada ya kazi. Nilimwomba radhi kwa maneno yangu, nikamuuliza pampu yake inamchukua muda gani. Akasema wiki mbili. Jumatatu tunakwenda hospitali pamoja. Amekuja leo asubuhi na chupa ya maji ameshaitoboa mwenyewe, tundu limezidi kubwa. Nimempa waya, nimemwambia atafute nyingine.